Nilichotumwa Shimba

Jirani yangu hapa Utange ni mtu wa bara, mpole, mkarimu, na ana ng'ombe wawili. Mbu wakizidi jioni huchoma mavi makavu ya ng'ombe mlangoni pake, na kwa kuwa moshi haujui mpaka wa uwanja, nusu yake huja kwangu. Wapangaji wenzangu hufunga madirisha na kunung'unika. Mimi hata kunung'unika siwezi. Moshi ule ukinifika puani miguu huanza kuniwasha. Huinuka, hutafuta viatu, hutoka nje bila kujua ninakokwenda. Mume wangu amezoea. Huniuliza tu, "Leo umechelewa wapi tena?" nami huendelea kufunga viatu. Ninakohisi nimechelewa ni safari niliyokwenda na kurudi wakati meno yangu ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota.

Tulikuwa tukikaa Timbwani, Likoni, nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa nyuma, na uani mlikuwa na jiko, mapipa ya maji na bibi. Namtaja bibi pamoja na mapipa kwa sababu naye hakuwa akiondoka pale. Alikuwa mamake mama. Alikuja kutoka shambani kwake, upande wa Matuga, kumwogesha ndugu yangu Bakari alipozaliwa, na arubaini ilipokwisha sote tulingoja afunge mzigo wake. Hakufunga. Bakari akaota meno, akaanza kusimama kwa kushika ukuta, na bibi bado yupo, na baba, kwa adabu zake, hakumuuliza ataondoka lini.

Baba alifanya kazi kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe. Alikuwa mtu wa kufuata jambo lilivyoandikwa. Dawa ya kikohozi aliisoma karatasi yake mwanzo hadi mwisho kabla hajatupa kijiko cha kwanza, na sisi tumekaa tunakohoa tukimngoja amalize. Msikitini alikuwa safu ya mbele. Neno alilolichukia kuliko yote duniani lilikuwa ushirikina, na bibi, masikini, alikuja nyumbani kwetu na mkoba mzima wa mambo ambayo baba aliyaita hivyo: mizizi, uzi mweusi, hirizi ya kumfunga mtoto shingoni.

Mara ya kwanza Bakari kushikwa na degedege nilikuwa nimempakata mimi. Alikuwa na joto la kunichoma mapaja. Mara macho yake yakapinduka yakabaki meupe, ngumi zikakaza, na mwili wote ukaanza kunipigapiga. Nilidhani anacheza. Nilicheka, wallahi nilicheka, mpaka nilipoona mama ameangusha sahani. Baba alimnyakua akatoka naye mbio hata viatu hakuvaa. Waliporudi, Bakari alikuwa amelala begani, na baba alikuwa na chupa ya dawa na maneno ya daktari: ni malaria, homa ikipanda sana mtoto mdogo hushikwa hivyo, apanguswe kwa maji, apewe dawa aimalize.

"Daktari homa yuwaijua," bibi alisema kutoka uani. "Ndege hamjui."

"Ndege gani, mama?" baba aliuliza. "Mtoto ana homa."

"Kuna homa, na kuna aliyeileta homa."

"Hayo hayataingia nyumba hii," baba alisema, na hirizi iliyokuwa shingoni mwa Bakari akaikata kwa wembe, akaiweka juu ya ukuta wa uani, taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kijiko alichoazima.

Ndege huyo nilielezwa baadaye, tukichambua mchicha. Bibi alisema hupita juu ya nyumba, hana haja ya kutua. Kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga basi kimemkamata. Akija mara ya tatu humchukua. Na kitu kimoja tu humfukuza, moshi wa mavi ya ndovu, kwa sababu ndovu hula kila mti wa msituni, mzuri na mbaya, na hivyo kila dawa aliyoiumba Mungu imo tumboni mwake. Niliona ni hoja isiyo na kasoro. Tangu siku hiyo nikawa sitembei ila nimeinua uso juu, nikijikwaa kwenye kila jiwe la Timbwani, nikimlinda ndugu yangu kutokana na kunguru.

Mara ya pili alishikwa wiki ya Maulidi. Madrasa yetu ilikuwa na desturi ya kutupeleka mandari kila baada ya Maulidi, na kwa kawaida ilikuwa ni ufuoni tu, tukala mchanga na pilau kwa pamoja. Mwaka ule maalim alipata basi, akasema tumechoka na bahari, tutapanda milima ya Shimba tukaione nchi kutoka juu. Watoto walirukaruka. Mimi nilirudi nyumbani nikamkuta mama analia kimyakimya akipepea, Bakari amelala mdomo wazi, na bibi akaniita uani.

"Mejumaa."

"Abee, bibi."

"Kesho mwaenda Shimba, kwenye ndovu. Sikiza vizuri. Si mabichi. Mabichi yana maji, hayatoi moshi. Tafuta donge lililokauka, limepasuka juu, ukilipiga teke linaruka. Kikapu chako cha chakula kikiisha chakula, tia humo."

"Na baba je?"

"Babako atakuwa kazini."

"Na maalim?"

"Maalim ana macho mawili, na nyinyi mu wengi. Enda kalale."

Sikulala. Nilimsikiliza Bakari akipumua ng'ambo ya pazia, pumzi fupi za haraka. Mara ya tatu ndiyo iliyobaki. Nilitaka nisiende, na nilitaka niwe nimeshafika, na nilitaka niwe nimesharudi, yote kwa pamoja.

Basi lile lilikwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Wavulana mbele, wasichana nyuma, kasida moja ikiisha nyingine inaanza, na dereva akapunguza mwendo kila tulipofika penye watu ili wasikie. Pale Kombani tulipokunja kupanda Kwale nilikuwa nimeshakalia ukingo wa kiti. Mwenzangu akaniambia nikae vizuri, namfinya. Nikakaa. Nikainuka tena. Huko juu hewa ilibadilika, ikawa na ubaridi wa kuingia puani kama maji, na ukungu ulikuwa umekaa barabarani mchana kweupe. Watoto wote wakatoa mikono nje kuushika ukungu. Mimi nilitazama chini, ukingoni mwa barabara, kama kuna donge.

Langoni alipanda askari wa hifadhi, mtu mrefu wa bara mwenye bunduki na soksi za sufu, akasimama kati ya viti akatusomea masharti. Tusipige kelele. Tusitoke kwenye njia. "Na hamtaokota kitu," alisema. "Hata jani, hata jiwe, hata nyoya la ndege. Kila kitu cha hapa kinabaki hapa. Tumesikizana?"

"Ndiyooo," watoto wakajibu. Mimi nilikikumbatia kikapu changu.

Tulishuka kwenye kilima kisicho na miti, nyasi tupu mpaka ukingoni, kisha nchi ikaporomoka chini. Watu husifu sana mahali pale. Nimeshaonyeshwa picha na wafanyakazi wenzangu waliokwenda kupanda na kuzunguka siku nzima, wakaniambia hawajaona uzuri kama ule, nami huitikia tu. Mimi nakumbuka udongo wake. Ulikuwa mwekundu, wenye changarawe ndogo, na sisimizi wakubwa weusi, na mavi ya paa yaliyo kama punje za pilipili manga, yasiyo na faida yoyote kwangu.

"Mejumaa!" maalim aliita. "Tumekuleta mpaka huku utazame vidole vyako vya miguu? Inua kichwa utazame alichokiumba Mwenyezi Mungu."

Nikainua kichwa. Na wakati uleule akapita ndege. Alikuwa mkubwa, mweusi na mweupe, mdomo wake mzito umebeba kitu kama mdomo mwingine juu yake, na mbawa zake zilipiga kelele ya kukwaruza ambayo sikujua kwamba ndege anaweza kuitoa. Siku hizi najua kwamba ni hondohondo, hula matunda, hana ugomvi na mtu. Lakini siku ile alipita chini yetu, bondeni, na mimi nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona maishani, mgongo wa ndege anayeruka. Niliona na kivuli chake kikiteleza juu ya vilele vya miti. Alikuwa ameelekea baharini. Alikuwa ameelekea kwetu.

Nikafuata kwa macho kule alikokwenda, nikiruka misitu na minazi na mabati yanayong'aa, mpaka mwisho wa nchi, na hapo ndipo nilipouona mstari mweupe. Ulikuwa mrefu na mwembamba, ukisogea polepole, ukikatika na kuungana tena. Nilijua mara moja ni nini. Nilikuwa nimeshaona maziko mengi Likoni, wanaume wamevaa kanzu zao wanafuatana nyuma ya jeneza, wanapokezana, safu inakatika na kuungana.

"Wanazika!" nilipiga kelele. "Wanamzika!"

Wenzangu walinigeukia. Wengine walicheka. Maalim akaja akanishika bega akauliza nani anazikwa, wapi, nami nikawa naonyesha kwa kidole huku machozi yananitoka na siwezi kusema jina. Ni askari aliyeinama akatazama kidole changu kinakokwenda.

"Ile nyeupe? Hiyo ni maji tu," alisema. "Kuna mwamba huko ndani ya bahari. Mawimbi yanavunjikia hapo. Hata wewe unatoka pwani na haujui?"

Sikumwamini. Mawimbi nilikuwa nikiyajua mimi, mtoto wa Likoni. Mawimbi yana kelele. Hawa walikuwa wakienda kimya.

Baada ya hapo sikutulia tena hata kidogo. Safari ilikuwa bado haijaanza, kumbe. Tulikuwa tuteremke kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya maji, chini kabisa msituni, kisha tupande tena. Nilitaka kulia. Njia ilikuwa nyembamba, yenye mizizi na majani makubwa yaliyolowa, na harufu ya kitu kinachooza kwa utamu, na kila mtoto alisimama kushangaa kila kitu. Mmoja aliona jongoo, tukasimama. Mwingine kamba ya kiatu ikamfunguka, tukasimama. Maalim alikuwa na mwili, akasimama kwa ajili yake mwenyewe. Nilijipenyeza mbele nikarudishwa, nikabaki nyuma nikahimizwa, na kila nilipotazama juu kulikuwa na matawi tu, hata ndege akipita nisimwone.

Hapo ndipo nilipoliona. Lilikuwa pembeni mwa njia, kubwa kuliko kichwa cha Bakari, rangi ya udongo, limekauka na kupasuka juu, na nyasi zimejitokeza kwenye nyufa. Nikalipiga teke. Likaruka. Nikainama haraka, nikalikumbatia kwa mikono miwili, na nilipoinuka askari alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye alikuwa akifunga msafara, na mimi katika wazimu wangu nilikuwa nimemsahau.

"Weka chini."

"Nimetumwa," nilisema.

"Na nani?"

"Na bibi yangu. Ndugu yangu ana degedege. Ameshashikwa mara mbili na leo ni mara ya tatu."

Alinitazama, kisha akalitazama lile donge. Sikujua atanipiga au atanipiga risasi. Bunduki ilikuwa pale pale.

"Amepelekwa hospitali?"

"Baba ndiye humpeleka hospitali. Bibi ndiye atakayemfukiza."

"Basi huyo mtoto ana bahati," alisema. "Wengine hawana hata mmoja." Kisha akanyoosha kidole chini, na mimi nikaliweka donge nilipolitoa, na nikaona kwamba kila kitu kimekwisha, nikaketi kwenye mzizi nikalia kwa sauti.

Alichuchumaa. "Sikiza. Nikikuacha wewe utoke na hiyo, kesho nitamwacha nani atoke na pembe? Ndani ya lango hakitoki kitu. Lakini ndovu hawajui lango. Wiki iliyopita walivunja ua wakatoka, wakakula migomba ya watu. Mkishatoka, kabla ya nyumba za kwanza, mkono wa kushoto, kuna migomba imelala chini. Huko si kwangu. Umenielewa?"

Nilimwelewa zaidi ya nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote.

Kwenye maporomoko watoto walivua viatu wakaingia majini wakipiga kelele za baridi. Maji yalikuwa yakianguka kutoka juu sana, na upepo wake ulilowesha nyuso zetu, na mimi nikagawa chakula. Mahamri, viazi karai, kachiri, vyote nilivigawa, kikapu kikabaki kitupu kabisa. Maalim akaniita mbele ya wote akanisifu kwa ukarimu, akasema huyu ndiye mtoto aliyefahamu mafunzo ya Maulidi. Niliinamisha kichwa kwa haya, nikiwa na njaa ya kutisha, nikiomba tu tuanze kupanda.

Tulipanda. Tuliswali juu. Kisha maalim akasema kuna mahali pengine pa kutazamia, pazuri zaidi, hapafai kukosa, na tukaenda tukapiga picha. Picha hiyo niliiona baadaye kwa maalim. Wote wametazama kamera, na mimi peke yangu nimetazama basi.

Askari alishuka langoni. Hakunitazama. Basi likaondoka, na mara nikaona upande wa kushoto ua umelala na migomba imevunjwavunjwa. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Maalim! Choo!"

"Si kulikuwa na choo langoni?" dereva akauliza.

"Nimebanwa sasa!"

Basi zima likaangua kicheko. Dereva akasimama, nami nikaruka chini na kikapu changu, nikakimbia kati ya migomba. Yalikuwepo. Mengi, makavu, yamepasuka, jua la wiki nzima limeyapika. Niliyavunja kwa goti, nikayashindilia, nikafunika kwa mtandio wangu, nikarudi kichwa wazi. Hapo ndipo mmoja wa wavulana alipouliza kwa sauti mtu huenda choo na kikapu kufanya nini. Kutoka hapo mpaka Kombani nilikuwa mimi ndiye kasida. Sikujali. Mavi ya ndovu hayanuki vibaya, watu hukosea. Yalinuka nyasi zilizolala na mvua, na yalikuwa mapajani mwangu, na nilikuwa nikisukuma kiti cha mbele kwa magoti ili basi liende.

Jua lilikuwa bado halijatua nilipofika Timbwani. Nje ya mlango wetu hapakuwa na viatu vya watu wa matanga. Nikashukuru. Kisha nikaona hakuna hata ndala za bibi, na bibi hakuwa akitoka kwenda popote. Nikaingia mbio.

Ndani alikuwamo baba. Alikuwa amevaa nguo za kazi, yeye ambaye hakuwahi kuzivusha kizingiti, na nyumba nzima ilinuka mafuta ya Changamwe. Alikuwa akitia nguo za Bakari ndani ya mfuko, na mikono yake haikuwa ikizikunja, ilikuwa ikizisokota tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndugu yako ameshikwa tena mchana. Wako hospitali, amelazwa. Nimepigiwa simu kazini." Aliongea bila ya kugeuka. "Wewe utabaki kwa jirani." Kisha akageuka. "Umebeba nini?"

Sikuwa na uongo wowote uliobaki. "Mavi ya ndovu," nilisema. "Bibi alin'tuma."

Alinijia. Nikafumba macho, nikajua kikapu kitaruka mpaka shimo la taka na mimi nyuma yake. Alikichukua mkononi mwangu, nikasikia akiondoa mtandio.

"Huyafanyaje?" aliuliza.

Nilifumbua macho. Baba yangu alikuwa akiniuliza mimi.

"Bibi alinieleza anayavunja," nilisema. "Anayatia kwenye chetezo, juu ya makaa. Moshi ukipanda anamfunika mtoto na kanga."

"Mtoto hayupo."

"Nguo zake zipo," nilisema.

Alikwenda nje akazivua zile nguo zenye mafuta, zisije zikashika moto, akazitupa mbali, akarudi na fulana na kikoi. Tulikwenda uani. Chetezo cha mama kilikuwa cha udi, cha siku za Ijumaa. Baba hakujua kuwasha makaa. Alipuliza mpaka majivu yakamwingia machoni, nami nikamwonyesha apulizie chini. Akayavunja mavi vipande vidogo sawasawa, akavitia kimoja kimoja. Moshi ulipanda mzito na wa buluu. Tulishika kanga ya Bakari, yeye pembe mbili na mimi mbili, tukaitandaza juu ya moshi, kisha fulana zake, kisha kofia yake ya sufu, na baba akawa anakohoa na katikati ya kukohoa anasoma Alhamdu kwa sauti ya chini, akikatika na kuianza upya. Nilikuwa nampenda baba siku zote, lakini kwa kumwogopa. Siku ile nilimpenda kwa kumwonea huruma, na hilo lilinitisha kuliko ndege.

Hakuniacha kwa jirani. Tulipanda tuktuk, mfuko mapajani pake.

Wodi ya watoto ilikuwa angavu na imejaa. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda na Bakari mkononi, sindano imefungwa kwa plasta juu ya kiganja chake kidogo. Bibi alikuwa sakafuni, juu ya mkeka. Kabla hatujauliza kitu mama alisema, "Homa imeshuka. Amenyonya, jioni hii, amenyonya sana. Daktari amesema ameshavuka." Baba alishika chuma cha kitanda akasema Alhamdulillahi. Mimi nilifurahi, na papo hapo nilikasirika, maana kumbe tulipokuwa tukipuliza makaa yeye alikuwa ananyonya. Hata moshi nilikuwa nimeuchelewesha.

Mama alifungua mfuko akatoa kanga ili amfunike. Aliisimamisha hewani. Akaiweka puani. Akamtazama bibi, na bibi naye akavuta pumzi, akainua uso, akashangaa.

Sista alikuja haraka kutoka upande wa pili. "Nani amefukiza hapa?" Hakungoja jibu, alimwendea bibi pale chini. "Bibi, si nilikukataza tangu mchana? Mtoto ana kifua kidogo, yuko kwenye dawa, nawe wamletea moshi! Nyinyi wazee ndio mnaotuulia watoto."

Vitanda vyote viligeuka. Bibi alifungua mdomo. "Mimi, mwanangu, tangu nije sijatoka hapa..."

"Wazee hamsikii kabisa," sista alisema.

"Si yeye, sista." Baba hakupaza sauti. "Ni mimi."

Sista alimtazama, mtu wa makamo mwenye kofia safi na alama ya sijda kwenye paji la uso. "Wewe?"

"Mimi. Nimefukiza kwa mkono wangu."

Sista akaichukua kanga kwa vidole viwili, akairudisha mfukoni, akasema mfuko utoke nje, akaenda zake akitikisa kichwa. Mama alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Mimi nilimtazama bibi, nikingoja, kwa sababu nilimjua, hakuwa mtu wa kuacha ushindi upite bila ya kuusemea. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alijisogeza juu ya mkeka mpaka bega lake likagusa ukuta, akaupigapiga kwa kiganja upande wa mkeka uliobaki wazi.

"Keti, mwanangu," alimwambia baba. "Umesimama tangu asubuhi."

Baba akavua viatu, akaketi.